Mwili na Dhambi: Niliyojifunza Singida

Bibi yangu mzaa baba hakupenda mlango uachwe wazi baada ya jua kuzama. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, tulilala naye katika tembe yake, wajukuu wanne juu ya ngozi moja ya ng'ombe, na kila usiku ilikuwa kazi yangu kuhakikisha kwamba gogo la mlango limekaa sawasawa. Nikimwambia kuwa simba wamekwisha kuhamia mbali, huko mbuga za Wembere, alitikisa kichwa. "Simba wa porini namjua," alisema. "Ninayemwogopa mimi ni yule anayelijua jina lako."

Alikuwa na sababu. Kati ya mwaka 1946 na 1948, makumi ya watu waliuawa katika wilaya ya Singida, wengine wakiwa shambani, wengine njiani, wengine machungani. Mwanzoni ilidhaniwa ni kazi ya simba, maana majeraha yalifanana na ya makucha. Baadaye polisi na mahakama za Waingereza zikaamua kwamba baadhi ya vifo hivyo vilikuwa vya mkono wa binadamu: watu waliovaa ngozi za simba na kuua kwa visu. Waliohukumiwa kunyongwa hawakuwa wanaume peke yao; wanawake walikuwamo. Wazee wetu waliwaita simba-watu hao kwa jina la mbojo. Ilisemekana kuwa mchawi aweza kumgeuza mtu awe simba, au kumfuga kijana gizani tangu utotoni hata asahau usemi wa watu, kisha akamkodisha kwa yeyote mwenye kisasi na mali ya kulipia.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa baiskeli, Biblia na koti moja. Yeye hakuogopa mbojo. Au pengine aliogopa lakini hakutaka tujue. Alitufundisha kwamba simba mbaya kuliko wote yumo ndani ya mtu mwenyewe, na jina lake ni dhambi. Alipenda sana kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Bibi alimsikiliza mwanawe kwa adabu, kisha akamwuliza, "Mwanangu, kama simba yumo ndani yangu, mbona anakula ng'ombe wa jirani?" Sisi watoto tulicheka. Baba hakucheka. Leo, nikiwa nimewapita wote wawili kwa umri, nadhani hilo lilikuwa swali zito kuliko yote niliyowahi kusikia juu ya habari ya dhambi, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Ubaya hutoka wapi? Bibi alisema hutoka nje: kwa mchawi, kwa mwenye husuda, kwa mnyama aliyetumwa. Baba alisema hutoka ndani. Mafundisho ya baba yalikuwa yamesafiri mbali mpaka kufika kwetu, na safari hiyo inafaa kusimuliwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walianza kazi Ruruma katika nchi ya Wanyiramba. Vita viliwaondoa Wajerumani, na katika miaka ya 1920 kazi ya Iramba na Unyaturu ikashikwa na Walutheri wa Marekani. Hao walikuwa wa sinodi ya Augustana, kanisa la wahamiaji wa Kiswidi lililoundwa Marekani mwaka 1860. Wazee wetu walilitamka jina hilo bila kuuliza maana yake. Mimi nilikuja kulielewa nikiwa mwalimu. Augustana ni jina linalotokana na mji wa Augsburg huko Ujerumani, ambako mwaka 1530 wafuasi wa Martin Luther walisoma Ungamo la imani yao mbele ya Kaisari Karl wa Tano. Sehemu ya kwanza ya Ungamo hilo yahusu Mungu. Ya pili, mara moja, yahusu dhambi ya asili: kwamba baada ya Adamu kuanguka, kila mtu huzaliwa pasipo kumcha Mungu wala kumtumaini, tena akiwa na tamaa mbaya. Basi waliotuletea Injili Singida walibeba katika jina lao wenyewe kumbukumbu ya mafundisho hayo.

Watu wengi hudhani fundisho hilo ni la Wazungu. Sivyo. Aliyelitengeneza kuliko wote ni Mwafrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia jinsi alivyoiba mapeasi akiwa kijana wa miaka 16. Hakuwa na njaa. Mapeasi aliyokuwa nayo yalikuwa mazuri zaidi. Yeye na wenzake waliyatupia nguruwe. Kilichomtisha hata uzeeni si hasara ya mwenye mti, bali ule utamu wa kufanya baya kwa sababu ni baya. Nilipoisoma habari hiyo, nilikumbuka mzinga wa jirani yetu tulioutoboa siku moja tukitoka machungani. Nyumbani kulikuwa na kibuyu kizima cha asali. Tulionja kidogo, tukawaachia siafu.

Augustino alishindana na mtawa mmoja kutoka Uingereza, Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake akitaka. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukamkataa Pelagius. Lakini Augustino naye aliacha tatizo. Alifundisha kwamba dhambi ya Adamu hupita kwa wazao wake kwa njia ya kuzaliwa, na akaihusisha sana na tamaa iliyomo katika kukutana kwa mume na mke. Toka hapo, kwa Wakristo wengi, neno dhambi lilianza kunuka kitanda. Kiburi, uongo na ukatili vilibaki kwenye orodha, lakini mbali, kama wageni waliokaa nyuma ya nyumba.

Kwetu Singida fundisho hilo lilikuta majirani wenye maoni mengine. Mjomba wangu alikuwa Mkatoliki, akisali Makiungu. Yeye na baba walipenda kubishana kwenye kivuli cha mgunga, ng'ombe wakipumzika. Ubishi wao, ingawa wenyewe hawakujua, ulikuwa ule ule wa mwaka 1546, Mtaguso wa Trento ulipowajibu Walutheri. Swali lilikuwa hili: tamaa inayobaki ndani ya mtu baada ya ubatizo, je, ni dhambi? Luther alisema ndiyo, ni dhambi kweli, ila Mungu kwa ajili ya Kristo haihesabu. Kwa hiyo Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Trento ikasema hapana: tamaa hiyo imetokana na dhambi na huvuta kwenye dhambi, lakini haiwi dhambi mpaka mtu aikubali. Mjomba alisema, "Mbwa wa jirani kubweka si kosa langu. Kosa ni kumfungulia mlango." Baba alijibu, "Mbwa ni wako, shemeji, umemlea mwenyewe." Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji ule ule wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, na jambo hilo la mbwa ni miongoni mwa yale waliyoyazungumza. Wote wawili, baba na mjomba, walikuwa wamekwisha lala makaburini.

Kulikuwa pia na mwenye duka, Mwislamu, aliyewauzia wote wawili chumvi na mafuta ya taa. Yeye aliwasikiliza, akatabasamu. Kwake mtoto huzaliwa katika fitra, hali safi aliyoumbiwa na Mwenyezi Mungu. Adamu alikosa, akatubu, akasamehewa, wala hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. "Nyinyi," alisema, "mnamtwika mtoto mchanga deni la babu yake." Sikumbuki baba alimjibuje. Nakumbuka tu kwamba walikaa wote watatu kwa amani mpaka jua lilipopoa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, mwili. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na Kiyunani kina maneno mawili. Moja ni soma: mwili huu wenye mikono na miguu. La pili ni sarx: nyama, mtu katika udhaifu wake, mtu anayejitegemea mwenyewe bila Mungu. Paulo anapoonya juu ya matendo ya sarx hana maana ya ngozi na mifupa. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952 na kulea imani yetu sote, mara nyingi ilitumia neno moja, mwili, kwa yote mawili. Baadaye, watafsiri wa Habari Njema walijaribu njia nyingine, wakasema mahali pengine juu ya tamaa za kidunia badala ya za mwili. Nawaelewa. Lakini nao walipoteza kitu, kwa maana Yohana anapotangaza kwamba Neno la Mungu lilikuja kuwa mtu, neno analotumia ni hilo hilo sarx. Kile ambacho Paulo anakiogopa ndicho alichokivaa Mungu. Anayesoma Biblia ya zamani akakuta mwili hapa na mwili pale, akiwa na subira, ataiona siri hiyo. Asiye na subira ataanza kuuchukia mwili wake, na hasa mwili wa mwenzake.

Sisi hatukuwa na subira. Katika usharika wetu, kuushinda mwili kulikuwa na maana ya kutocheza ngoma, kutokunywa pombe ya mtama, na wasichana kufunika magoti. Mtu akitikisa mabega wakati wa wimbo, mzee wa kanisa alimkazia macho. Tuliimba tenzi za Ulaya tukiwa tumesimama wima kama miti ya simu. Ajabu ni kwamba mmoja wa walioanza kuifungua kamba hiyo alikuwa mmisionari, Howard Olson. Alijifunza lugha yetu vizuri hata akaandika utafiti juu ya sauti na maumbo ya maneno ya Kinyaturu mwaka 1964. Alikuwa mwalimu katika chuo cha theolojia cha Makumira, akakusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Siku ya kwanza tuliposikia kanisani sauti zenye mwendo wa nyumbani, bibi yangu, aliyekuwa amebatizwa uzeeni, aliinua mkono, kisha mguu. Hakuna aliyemkazia macho.

Wala nisiwaonee wamisionari. Watu hao waliohubiri kwamba mwili umeharibika ndio waliouosha ulipokuwa na vidonda. Walutheri walijenga kituo cha wenye ukoma huko Iambi, na hospitali Kiomboi. Wakatoliki nao, tangu miaka ya 1950, wana hospitali ya Makiungu iliyoanzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lenye asili ya Ireland. Mkoma wa zamani alisukumwa nje ya kijiji kwa sababu watu waliona laana katika vidole vyake. Pale Iambi alikuta mtu anayevishika vidole hivyo na kuvifunga kitambaa. Matendo ya mikono yao yalikuwa mafundisho bora kuliko baadhi ya mahubiri yao. Yalisema: mwili huu si adui, ni mgonjwa, na mgonjwa hapigwi.

Nimefika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini nikifanya hivyo makala yote yatakuwa kelele tu. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu katika kijiji kimoja, na pia katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Sitautaja usharika. Jumamosi moja tuliketi kusikiliza shauri la binti mmoja wa kwaya, mwenye umri kama wa miaka 19. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Tulikuwa wazee saba kwenye benchi mbili, yeye akiwa amesimama. Akaulizwa kama ni kweli. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Tumbo lilikuwa limekwisha jibu. Akaulizwa mwenzake ni nani. Hakusema. Ila aliinua macho mara moja tu, akatazama mwisho wa benchi yetu, kisha akayashusha.

Niliona alikotazama. Aliyeketi hapo alikuwa mtu wa kuheshimiwa, aliyetoa mabati ya kuezekea kanisa. Alikuwa pia amenikopesha mimi fedha za kumalizia nyumba yangu, na nilikuwa sijamlipa. Nilishika kalamu nikaandika katika daftari la kumbukumbu: Hakutaja mtu. Kwa wino ilikuwa kweli. Kwa macho yangu ulikuwa uongo. Baraza likaamua aondolewe kwenye kwaya, azuiliwe Chakula cha Bwana, na baada ya kujifungua aje atubu mbele ya usharika ndipo arudishwe kundini. Alikuja, mtoto mgongoni. Alisimama mbele, akasema maneno aliyofundishwa kusema. Jumapili ile ile, aliyepitisha kikapu cha sadaka alikuwa mtu wa mwisho wa benchi.

Haya hayakuwa ya kanisa peke yake. Shuleni nilikofundisha, msichana akipata mimba aliondolewa, na mambo yalikuwa hivyo nchini kote kwa miaka mingi. Ni mwaka 2021 tu ambapo serikali ilitoa waraka wa kuruhusu wanafunzi waliojifungua warudi masomoni. Kanisa na shule tulikuwa na kosa moja. Tulihukumu kinachoonekana. Tumbo huonekana, moyo hauonekani. Mwanamke hubeba ushahidi mwilini mwake miezi tisa, mwanamume huupangusa kama vumbi la kiatu. Basi tuliposema tunapiga vita matendo ya mwili, kwa kweli tulikuwa tunapiga vita miili fulani.

Miaka baadaye nililipitia lile daftari, maana lilikuwa bado nyumbani kwangu. Kurasa zote ni mwandiko wangu. Mashauri karibu yote ni ya mimba, uzinzi na ulevi. Kisha nikafungua waraka wa Paulo kwa Wagalatia, mahali anapoyahesabu matendo ya mwili. Nilihesabu kwa kidole: ni kumi na tano. Yanayohusu zinaa, ulevi na ulafi ni matano tu. Mengine ni mambo ambayo mtu aweza kuyatenda akiwa amevaa suti na ameketi kimya kabisa: wivu, fitina, husuda, uadui, hasira, kugawanya watu. Katika miaka yote ya daftari langu hatukumwita mtu hata mmoja kwa ajili ya husuda. Na hakuna neno katika orodha hiyo, wala katika daftari, kwa ajili ya katibu anayeona na kuandika kwamba hakuona. Lakini sasa najua kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi ya mwili. Si mwili wa binti. Ulikuwa wangu, ulioogopa kudaiwa.

Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516, alimfananisha mwenye dhambi na mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake, hata mambo mema, hata Mungu mwenyewe, anavitafuta kwa faida yake. Sisi Singida tunaweza kumfikiria jongoo. Ukimgusa hujikunja, akawa duara, kichwa ndani. Siku ile mwaka 1984 nilikuwa jongoo mwenye kalamu.

Je, basi, mafundisho ya baba yalikuwa makali mno kwa binadamu? Zamani, nilipokuwa kijana wa TANU, nilidhani hivyo. Tulifundishwa kwamba mtu huharibiwa na unyonyaji, na kwamba ukiondoa unyonyaji mtu atanyooka. Lakini hebu lisome tena Azimio la Arusha la mwaka 1967. Liliwawekea viongozi miiko: wasiwe na hisa katika makampuni, wasipokee mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha. Walioandika miiko hiyo hawakuamini kwamba kiongozi, kwa kuwa anaimba wimbo wa ujamaa, amekuwa malaika. Walijua mkono wa mtu unakwenda wapi pasipokuwa na taa. Na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipoilegeza miiko hiyo, tuliona wote jinsi mikono ilivyonyooka. Kumjua mtu kuwa ana mwelekeo wa dhambi si kumdharau. Ni kumwekea ukuta pale kwenye shimo. Laiti baraza letu lingekuwa na mwiko mmoja tu, kwamba mzee anayedaiwa na mzee mwenzake asiandike kumbukumbu za shauri!

Lakini swali la bibi halijajibiwa. Kama simba yumo ndani yangu, mbona anakula ng'ombe wa jirani?

Naona siku hizi watu wengi wanarudi kwenye jibu lake la kwanza, kwamba ubaya watoka nje. Katika mahema na viwanja vya mikutano ya maombezi, mijini na vijijini, nasikia juu ya pepo la uzinzi, pepo la hasira, pepo la kukosa kazi. Siwacheki wanaokwenda huko. Nimeona watu wakirudi na nafuu, na mtu mwenye mzigo hachagui bega la kumpokea. Lakini mwanamume akisimama na kusema kuwa si yeye aliyempiga mkewe, ni pepo, mimi naisikia sauti ya mbojo. Mnyama amekodishwa tena, na aliyemkodi hajulikani. Ubaya ukiwekwa wote nje, siku moja watu watatoka kuutafuta, nao wataukuta kwa mtu asiye na mtetezi. Tumeona katika mikoa ya Ziwa na magharibi mwa nchi yetu jinsi vikongwe walivyouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa kuwapikia watoto na wajukuu.

Na ubaya ukiwekwa wote katika mwili, watu watautafuta katika miili, na watamkuta binti wa kwaya.

Nadhani hivi ndivyo ningemjibu bibi leo. Simba yumo ndani yangu, lakini hali mimi. Hula wengine. Ndiyo maana ni vigumu kumjua: mwenyewe sisikii maumivu. Anayesikia maumivu ni jirani, kwa hiyo jirani ndiye anayeweza kuniambia kwamba simba wangu amepita. Baba alikuwa sahihi kuhusu mahali alipolala, na bibi alikuwa sahihi kuhusu mahali pa kutafuta nyayo zake.

Mwaka mmoja, si zamani sana, nilikuwa stendi ya Singida mjini nikisubiri basi. Mama mmoja mwenye madumu ya mafuta ya alizeti aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Sikumtambua mpaka alipotaja kijiji. Yule mtoto wa mgongoni, alisema, sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Nilianza kusema jambo nililokuwa nimelitunza miaka mingi, maneno yakanikwama. Alinisaidia. "Mwalimu, yale yalipita. Mimi nilitubu langu, na Mungu alinisikia. Kitu kimoja tu huwa najiuliza: mbona mliniita peke yangu?" Basi lake likapiga honi, akapandisha madumu, akaondoka.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji wetu, kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 1984, nikamwomba nirudishwe kundini. Alishangaa. Alifungua kabati, akatazama vitabu vya usharika, akasema kwa upole, "Mzee, hapa hakuna shauri lako lolote. Hujawahi kutengwa."

Nikamwambia hiyo ndiyo sababu nimekuja. Nikatoa lile daftari la zamani mfukoni, nikamwonyesha ukurasa, na maneno mawili niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Alisoma, akanyamaza kitambo. Kisha akavuta kiti kingine, akanikaribisha kuketi, nikaanza kusimulia.